Kuku aliyepewa bangi hajatulia

Vijana wangu, swali hili linarudi kila mara: "Afisa, nimeambiwa ukiwawekea kuku bangi kwenye maji wanatulia, hawadonoani, wananenepa. Ni kweli?"

Mimi napinga, na sababu yangu ya kwanza wala si polisi, ingawa kesi itakuwa yako hata ukijitetea kwamba bangi ni ya jogoo. Sababu yangu ni joto la mwili.

Kuku mkubwa ana joto la kama nyuzi 41 za Sentigredi, na hatoi jasho. Jua likikaza anajipoza kwa kutweta: mdomo wazi, pumzi za harakaharaka, mabawa kayaachia, anahama kutafuta upepo. Kazi hiyo yote inaongozwa na ubongo, na THC, kile kilevi kilichomo kwenye bangi, kinafanya kazi hukohuko. Panya wa maabara wakipewa, joto la mwili linashuka na wanaacha kutembea. Mbwa aliyekula bangi ya bosi wake anafikishwa kwa daktari anayumba, mara nyingi mwili umepoa. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walilisha ng'ombe wa maziwa saileji ya mmea huo. Ng'ombe wakala kidogo, wakayumba, mapigo ya moyo na kasi ya kupumua vikapungua, na THC ikaonekana kwenye maziwa.

Sasa hebu fikiria banda lako. Kifaranga hawezi kujipasha joto vizuri mpaka afike wiki 2 au 3, ndiyo maana wiki ya kwanza bruda tunaiweka nyuzi 32 hadi 35. Wewe unajuaje kama joto limetosha? Unawaangalia wenyewe. Wakirundikana chini ya jiko wana baridi, wakikimbilia pembeni wamezidiwa. Kifaranga aliyeleweshwa hasogei popote, kwa hiyo hajiokoi na wala hakwambii kitu. Na broila wa wiki ya 5, mzito, saa 8 mchana, ukimpunguzia pumzi atajipoza na nini?

Halafu dozi. THC haiyeyuki vizuri kwenye maji, inashikana na mafuta. Ndoo moja itakuwa maji matupu, nyingine kali, na kinachoingia kwa kuku kinabaki kwenye mafuta yake, yale yale anayokula mteja wako.

(Wa mbuzi na ng'ombe, msicheke. Hata zailazini, sindano ya usingizi, inavuruga joto la mwili. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, na mnyama hulazwa kivulini.)

Wakidonoana, anza na nafasi: broila wakubwa wasizidi 10 kwa mita moja ya mraba. Punguza mwanga, angalia protini na chumvi kwenye chakula. Kama uliambiwa bangi ni ya mdondo, huo ni ugonjwa wa kirusi na chanjo yake ipo, tone moja jichoni. Bado hawajatulia? Nitumie picha ya banda, iliyopigwa mchana wa jua kali.