Mwimbaji wa Mikelenge aulize mwisho wa mkataba kabla ya kutia sahihi

KINDU – Katika komine ya Mikelenge vijana wanaoimba ni wengi. Wamo wazaliwa wa Kindu, wamo pia waliofika na familia zao wakikimbia vita. Wengi hawana pesa ya studio. Mtu akija na kusema atalipia wimbo na video, kijana anatia sahihi siku hiyo hiyo. Ubaya wa karatasi ile huonekana baadaye, wimbo ukishapendwa.

Mfano uko Tanzania, kwa waimbaji ambao Kindu inawasikia sana. Harmonize, mtoto wa Mtwara, aliingia lebo ya WCB Wasafi ya Diamond Platnumz mwaka 2015, na humo jina lake likakua. Alipotoka mwaka 2019, alieleza mwenyewe kwamba alitakiwa kulipa shilingi za Tanzania milioni 500, na kwamba aliuza nyumba zake ili azipate. Kabla yake, mwaka 2018, Rich Mavoko alipeleka malalamiko kuhusu mkataba wake na lebo hiyo mbele ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mwaka 2022 Rayvanny naye aliondoka.

Wasikilizaji wengi huchagua upande: huyu mnyonyaji, yule hana shukrani. Hukumu zote mbili ni za haraka. Lebo hutoa pesa kwa mtu asiyejulikana, na mara nyingi pesa hiyo hairudi. Tena Harmonize alipofungua lebo yake, Konde, waimbaji Killy na Cheed waliachana nayo mwaka 2022. Aliyelalamika jana akawa mwenye lebo anayeachana na waimbaji wake leo. Basi kubadilisha mkubwa peke yake hakutoshi, ikiwa mikataba inabaki ile ile.

Siku hizi jambo hili limekuwa gumu zaidi. Mwaka 1948, Mgiriki Nicolas Jeronimidis alipoanzisha Ngoma mjini Léopoldville, hesabu ilikuwa ya santuri. Zilihesabiwa, zikauzwa, zikaisha dukani. Leo wimbo unawekwa YouTube au Boomplay na unaweza kuingiza pesa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Pesa hiyo inakwenda kwa mwenye akaunti. Mwimbaji anaweza kujulikana mji mzima na asiwe na neno la siri la ukurasa unaobeba jina lake. Siku ya ugomvi, anayeshika akaunti anaweza kuuondoa wimbo au kuendelea kula matunda yake peke yake.

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtungaji, na SOCODA ndiyo shirika la kukusanya haki hizo. Lakini maneno na sauti ya wimbo ni kitu kimoja, na rekodi iliyofanywa studio ni kitu kingine. Kijana anaweza kubaki mtungaji wa wimbo huku rekodi yenyewe ni mali ya aliyeilipia, kama ndivyo alivyosaini.

Lebo kudai pesa yake si kosa. Kosa ni deni lisilo na kiasi wala mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, kila kijana aulize mambo manne. Mkataba unaisha mwaka gani? Lebo imetumia kiasi gani, na nani anaandika hesabu hiyo? Rekodi, jina na akaunti ni vya nani? Na anayetaka kuondoka mapema atalipa nini? Majibu yawe kwenye karatasi. Mkataba ukiwa kwa Kifaransa, mtu asiye wa upande wowote aufasirie kwa Kiswahili. Kijana ambaye hajafikia miaka 18 asiachwe peke yake mezani, mzazi au mlezi wake awepo.

Kwa familia zilizokimbia vita kuna hatari nyingine. Anayekimbia usiku anaacha karatasi nyumbani na anapoteza simu njiani. Akaunti iliyofunguliwa kwa namba ile inaweza kupotea pamoja nayo. Nakala ya mkataba na ya neno la siri ibaki kwa ndugu wa kuaminika, katika mji mwingine ikiwezekana.

Wasikilizaji nao wana sehemu yao. Wimbo unaohamishwa kutoka kadi ya simu moja hadi nyingine haumletei mwimbaji hata franka moja. Wengi hufanya hivyo kwa sababu mega ni ghali, na si haki kuwalaumu. Lakini kijana wa mtaa akiimba kwenye tamasha, anayeweza kulipia mlangoni alipie. Mwenye pesa kidogo mkononi hasaini kwa njaa, na anaweza kumwambia mwenye lebo: niachie karatasi hii, nitaijibu kesho.