Majina yabandikwe ubaoni

Mtendaji wa kijiji ndiye serikali ambayo mkazi wa kata ya Buganguzi anakutana nayo. Ndiye anayegonga muhuri barua ya utambulisho ya kijana anayekwenda kufungua akaunti benki, ndiye anayeandika muhtasari wa mkutano wa kijiji, ndiye wa kwanza kuitwa majirani wanapogombea mpaka wa kibanja. Nafasi yake ikiwa wazi, anakaimu mtu wa kijiji cha pili. Mwenye shida anampigia simu, akimkosa anarudi kesho, na kesho kutwa. Kwa hiyo jinsi nafasi hiyo inavyojazwa au kufutwa inamhusu kila anayeishi katika kata hiyo, wala haiwezi kuachwa iwe siri ya ofisi za halmashauri mjini Muleba, mkoani Kagera.

Tunayasema haya sasa kwa kuwa baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 tuko katika msimu wa viti kubadilishana watu. Kila msimu wa namna hii, watumishi wa chini huulizana nani ataajiriwa, nani ataondolewa na kwa kigezo gani. Wakubwa wengi huyaita maswali hayo majungu. Sisi tunasema watumishi wana haki ya kuuliza, na miaka kumi iliyopita imewapa kila sababu.

Juni 2016, Rais John Magufuli akiwa na miezi saba tu madarakani, Serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili ihakiki watumishi wake. Lengo lilikuwa halali. Watumishi hewa walikuwa wanakula fedha za umma, na Aprili 2017 Rais akakabidhiwa orodha ya watu 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini operesheni hiyo iliwazoa pia watendaji wa vijiji, madereva na walinzi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote. Wengi wao waliingia kazini kwa sifa zilizotakiwa wakati ule, kabla sharti la kidato cha nne halijaanza kutumika Mei 2004. Ilibidi wabunge wapige kelele hadi Aprili 2018, ndipo Serikali ilipoagiza walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warejeshwe kazini.

Watu wa Kagera wanajua mtu hufanya nini mshahara unapokatika na ada inadaiwa. Anaingia kwenye butura: anauza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ya kutupwa, na msimu wa mavuno ukifika mnunuzi anakuja kuchuma. Barua ya kumrejesha mtumishi kazini haimrudishii mavuno hayo. Uamuzi wa haraka wa viongozi wapya ulilipiwa na watu wasio na kosa, na tunaukumbusha ili usirudiwe.

Kuhusu ajira, malalamiko ni makubwa zaidi kwa sababu wenye njaa ya kazi ni wengi. Juni 2022, Innocent Bashungwa, mbunge wa Karagwe ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa TAMISEMI, alitangaza walimu na wahudumu wa afya zaidi ya 16,000 waliopata ajira, huku walioomba wakiwa zaidi ya 165,000. Mwaka 2025 walimu wakaanza kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na wahitimu wa ualimu wasio na kazi wakaunda umoja wao wa NETO kuupinga. Kwa hilo hatuko pamoja nao. Usaili wenye alama zinazoonekana ni bora kuliko jina linaloshushwa kutoka juu. Ila wana hoja nzito juu ya wanaojitolea: mwalimu aliyefundisha shule ya kijiji kwa miaka kadhaa, akiishi kwa posho ya michango ya wazazi, hastahili kuhesabiwa sawa na asiyewahi kushika chaki.

Hata hivyo, mlango ulio wazi zaidi kwa upendeleo ni wa ajira za mkataba zinazolipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri. Hapo ndipo kimemo cha mkubwa kinapoweza kushinda cheti. Tangazo likibandikwa makao makuu ya wilaya peke yake, kijana wa Buganguzi atalisikia baada ya nafasi kujazwa.

Na fedha zikipungua, wa mkataba ndiye wa kwanza kukatwa, awe analipwa na halmashauri au na wafadhili wa nje. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku hiyo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, jirani na Muleba. Mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 haupaswi kuwaweka wafuatiliaji wa wagonjwa wake kwenye fedha ambazo kiongozi wa nchi nyingine anaweza kuzizima kwa saini moja. Nafasi hizo ziingizwe kwenye ikama ya watumishi, zilipwe na Serikali.

Halmashauri ikilazimika kubana matumizi, ianze na posho za vikao, safari na mafuta ya magari ya wakubwa. Mlinzi wa zahanati awe wa mwisho kuguswa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao. Mabadiliko ya uongozi hayamwondolei wajibu huo.

Tunaidai Halmashauri ya Wilaya ya Muleba orodha ya kila nafasi ya mkataba, sifa zake, walioomba, alama zao na aliyepewa, na ibandikwe katika kila ofisi ya kata. Diwani au mkuu wa idara mwenye ndugu kati ya waombaji aseme hivyo na atoke kwenye kikao. Mpaka hayo yatekelezwe, madiwani wasipitishe hata shilingi moja ya ajira mpya za mkataba katika bajeti.