Mtura Ungali na la Kutufunza

Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja baina ya Ruiru na Thika. Wakati wa mapumziko kijana mmoja alinijia na tunda la manjano mkononi, akaniuliza kama lilikuwa limau. Lilikuwa tunda la mtura! Lau angalilionja kabla ya kuuliza, huenda leo ningalikuwa nikisimulia mengine.

Mtura ni kichaka cha jamii moja na mnavu, nyanya, biringanya na viazi. Wataalamu huuita Solanum aculeastrum. Humea nyanda za juu, kandokando ya misitu na malishoni, toka Kenya hadi Afrika Kusini. Miiba yake imepinda mithili ya kucha za paka. Tunda lake ni chungu, tena lina sumu. Wazee wa Kiambu waliupanda kuwa ua, ng'ombe asipite wala mwizi asipite. Watoto wao walijua kwamba majani ya mnavu hupikwa yakaliwa, na kwamba tunda la mtura halitiwi kinywani. Hawakulisoma hilo kitabuni. Waliishi karibu na ua wenyewe.

Leo nyua hizo zinang'olewa. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka wa 2012. Sipingi nyumba; watu sharti walale. Ninalopinga ni ujinga unaohamia pamoja nazo.

Wapo watakaouliza, magugu yana faida gani? Jibu liko Ruiru penyewe. Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, hustahimili ugonjwa unaoozesha buni zingali mtini. Sehemu ya nguvu hiyo ilitoka kwa kahawa ya mwituni, Rume Sudan, ya milima iliyomo leo katika Sudan Kusini. Mche wa mwitu uliuokoa mche wa shamba.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Basi walimu wenzangu, watoeni watoto darasani, muwaonyeshe mnavu na mtura ungalipo. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee majina ya mimea. Ua ukishang'olewa na mzee akishazikwa, hamtakuwa na wa kumwuliza.