Udumavu: Tupime watoto, tusihesabu magunia

Mwaka 2010 uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa watoto 58 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Burundi walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Uchunguzi wa 2016-2017 ulitoa 56. Katikati hapo programu za lishe zilikuwa nyingi. Mwananchi ana haki ya kuuliza zilifanya kazi gani.

Swali hili linanihusu kama mwalimu. Mtoto anapofika darasa la kwanza, zile siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, zimekwisha kupita. Uji wa shuleni humsaidia kukaa darasani na kusikiliza, na ni jambo jema, lakini usiandikwe katika ripoti kuwa ni dawa ya udumavu.

Tunao mfano wa hapa hapa nyumbani. Programu ya Tubaramure, iliyogharamiwa na Marekani, ilitekelezwa Cankuzo na Ruyigi, ambako leo ni sehemu ya mkoa wa Buhumuza. Akina mama wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa unga wa mahindi na soya pamoja na mafuta, wakafundishwa lishe na usafi, na kuhimizwa kwenda kliniki. La muhimu kwa tathmini ni kwamba vilima 60 viligawanywa kwa kura, na baadhi havikupata programu hiyo. Watoto wakapimwa 2010, 2012 na 2014.

Matokeo yake yanataka kusomwa kwa makini. Katika miaka hiyo udumavu uliongezeka katika eneo hilo. Mtu anayelinganisha mwanzo na mwisho tu angesema fedha zimepotea. Lakini kwenye vilima vya programu ongezeko lilikuwa dogo kuliko kwenye vilima vingine, na nafuu kubwa zaidi ilionekana pale mgao ulipoanza wakati wa ujauzito na kuendelea hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Bila vilima vya kulinganisha, ukweli huo usingejulikana.

Jambo jingine ni kwamba Tubaramure ilitoa pia mgao wa familia nzima. Sisi tuliosomea katika kambi za wakimbizi Tanzania hatuhitaji kuelezwa sababu. Unga ukiingia katika nyumba yenye njaa, hakuna mama atakayempikia mtoto mmoja huku wengine wanatazama. Programu inayompa mtoto kipimo chake peke yake hujidanganya yenyewe.

Hata hivyo, tusiufanye unga kuwa muujiza. Hata pale uliposaidia, watoto wengi walibaki wamedumaa, kwa maana mashamba ni madogo, maji si salama na bei hupanda. Ndiyo maana mradi wa Merankabandi, uliopata dola milioni 40 za Benki ya Dunia kwa ajili ya kaya 56,000, ulitoa fedha taslimu mikononi mwa akina mama pamoja na mafunzo. Huo nao upimwe kwa kimo cha watoto, si kwa idadi ya malipo.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. USAID, iliyogharamia Tubaramure, ilisimamisha misaada yake mwaka 2025. Fedha zikipungua, kosa la kuchagua programu isiyofaa hulipwa na mtoto.

Kwa hiyo, kila atakayeleta mradi wa lishe vilimani aulizwe mambo matatu. Je, anaanza na mjamzito? Je, amefikiria wote wanaokula kutoka chungu kile kile? Na je, atawapima watoto, pamoja na wenzao wasiohudumiwa, kabla na baada? Asiyeweza kujibu atatuletea ripoti nzuri ya magunia, na sisi walimu tutaendelea kupokea darasani watoto wa miaka saba wenye kimo cha miaka mitano.