Paka wa stoo naye apewe choo

Leo tuongee jambo ambalo wengi mnalichekea: choo cha paka.

Wafugaji wengi wa kuku mna paka wa stoo, na mko sahihi, maana panya wanamaliza pumba. Ila ukiuliza paka huyo anajisaidia wapi, kila mtu kimya. Anajisaidia kwenye maranda, kwenye kitalu cha mchicha, na mkiacha wazi, kwenye pumba zenyewe.

Kinyesi hicho kinaweza kubeba kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Paka hukipata akila panya au nyama mbichi, kisha hutoa mayai yake kwa mamilioni, kwa wiki 1 hadi 3. Mbuzi na kondoo wakiyala kwenye malisho wanaweza kutupa mimba. Hiyo ni hasara ya mfukoni. Kubwa zaidi ni mama mjamzito. Akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mimba inaweza kutoka, au mtoto akaharibika macho au ubongo.

Wengine husema, basi fukuza paka. Sikubaliani nao. Panya watarudi, na utaanza kutega sumu karibu na chakula cha mifugo. Mpe choo: beseni pana lenye mchanga mkavu, mbali na chakula. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu mayai huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Ukichelewa, umeyapa nafasi. Vaa glavu, fukia kinyesi shimoni, usikichanganye na mboji ya mboga. Beseni limwagie maji yanayochemka. Klorini haiyaui mayai hayo. Halafu nawa kwa sabuni. Pumba zifunikwe, na utumbo mbichi wa kuku usimtupie paka.

Sasa hoja yangu hasa. Mashamba mengi kazi hii huangukia dada anayefagia banda, eti ni usafi tu. Hapana! Mimba ikiwa changa, hata yeye huenda hajajua kama anayo, na si lazima akutangazie bosi. Usisubiri akuambie. Paka ni wako na stoo ni yako, basi glavu vaa wewe, au mpe kijana wa kiume mwenye afya njema. Ni dakika 5 tu kwa siku.