Moyo Ukidunda, Tusikilize Maneno

Lugha yetu imeutwika moyo mzigo mkubwa. Mwoga moyo humwenda mbio, mpenzi moyo humdunda, mkata tamaa huambiwa ajipe moyo. Kwa hiyo mwanafunzi asemapo, "Mwalimu, moyo wanidunda," hudhaniwa kwamba anaogopa mtihani. Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo naona kwamba hapa ugonjwa waweza kujificha nyuma ya msemo.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ukiongozwa na umeme hafifu unaoanzia katika chumba chake cha juu cha kulia. Umeme huo ukivurugika, moyo huenda kasi mno, hujikokota, au hupiga bila mpango. Pigo moja moja linaloruka aghalabu halina madhara. Lakini vyumba vya juu vikitetemeka badala ya kupiga, damu hutuama humo na kuganda. Donge likifika ubongoni, huleta kiharusi. Koo la mtoto lisipotibiwa, laweza kuzaa homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo na kuleta balaa hilo hilo baadaye.

Daktari hutumia mashine ya kupima umeme wa moyo, iliyompatia Willem Einthoven wa Uholanzi Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Hata hivyo, mashine hunasa tu yanayotokea wakati wa kupimwa. Wengi hufika mapigo yakiwa yameshatulia, ndipo huvishwa kifaa cha kurekodi kwa saa 24 au zaidi. Hapo ndipo maneno ya mgonjwa yanapokuwa na thamani: Yalianza ghafla? Yalidumu kwa muda gani? Alizirai?

Tiba hufuata chanzo. Wapo wasiohitaji chochote. Wengine hupewa dawa za kutuliza mapigo au za kuzuia damu kuganda. Wengine huchomwa kijisehemu cha moyo kinachozusha vurugu, kwa mrija unaopitishwa mshipani. Moyo unaojikokota huweza kupachikiwa kifaa cha kuuchochea.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, kisha waeleze kwa Kiswahili fasaha walichokihisi. Na mwanafunzi akizirai akikimbia uwanjani, tusimwambie ajipe moyo. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.