MKIMBIZI NI AMANA, MKATABA NI DENI



Ndugu zangu wa Tabora, Urambo, Kaliua mpaka Ujiji. Baada ya swala ya Ijumaa kijana mmoja alinifuata: "Sheikh, hawa Warundi warudishwe tu. Kwao kumetulia. Hata Mtume (s.a.w.) alimrudisha Abu Jandal." Namjibu hapa, maana maneno haya yameenea.

KWANZA: Abu Jandal. Ni kweli. Siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijiria, alikuja akiburuta minyororo na akarudishwa. Kwa nini? Kwa sababu mkataba na Makuraishi ulitaka hivyo. Basi funzo ni kutimiza mkataba, si kufukuza watu. Na mkataba wetu sisi unasemaje? Tanzania imejifunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Wa 1969, kifungu cha 5, unataka arudi kwa hiari yake. Anayemleta Abu Jandal ili tuvunje ahadi ameishika hadithi kwa mkia.

PILI: Masahaba walipokimbilia Habasha, Makuraishi walituma watu na zawadi ili warudishwe. Najashi, Mkristo wakati ule, alimsikiliza kwanza Jaafar bin Abi Talib, kisha akakataa kuwatoa na zawadi akazirudisha. Leo tunamsifu mimbarini. Je, tungekuwa sisi kwenye kile kiti?

TATU: "Kwao kumetulia." Alhamdulillah kama ni hivyo. Lakini anayejua kama nyumba yake haiungui tena ni mwenye nyumba. Ukimfungia soko, ukamkatalia kulima na kutafuta kuni, kisha ukamletea karatasi ya "hiari" asaini, hiyo si hiari. Hata Suratut-Tawba, aya ya 6, inaamrisha mshirikina aliyeomba hifadhi afikishwe mahali pake pa usalama. Usalama, ndugu yangu, si mpakani tu.

NNE: "Mbona Wazungu wanawafukuza?" Wanajaribu. Uingereza ilitaka kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, na Novemba 2023 Mahakama yake ya Juu ikasema mpango ule si halali, kwa kanuni hiihii. Na dhulma ya jirani haikuhalalishii yako. Kama mzigo ni mzito, na kweli ni mzito, mkataba wa 1969 unaturuhusu kuwaita wenzetu wa Afrika wausaidie. Tuwadai wao, tusimdai mkimbizi.

Tusijisahau. Ulyankulu iko hapahapa kwetu. Imepokea watu wa 1972. Kufikia 2014 wapatao 162,000 katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwa wamepewa uraia. Hilo ni la kujivunia. Lakini Desemba 1996 tuliwasukuma Wanyarwanda kutoka Ngara, na hilo ni la kutubia.

Na wewe Mmanyema wa Ujiji au wa Tabora mjini, babu yako alivuka ziwa kutoka Kongo na misafara, wengine kwa biashara, wengine kwa kamba shingoni. Nani alimuuliza kitambulisho? Leo mjukuu anasimama barabara ileile kumzuia mwenzake!

Suratul-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Haikusema itimizwe inapotufaa.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.